Mtani Aliyeitunza Kadi ya Mama

Msimu wa korosho ukifika, kijijini kwetu Likunja hakuna mtoto anayeamka na kwenda shule moja kwa moja. Kwanza ni shambani. Mwaka 1999 nilikuwa darasa la tano, na kila asubuhi nilichukua ndoo nikaenda chini ya mikorosho kuokota mabibo yaliyodondoka usiku. Nikishazitenga korosho nilinawa mikono, lakini ule utomvu hautoki kirahisi, kwa hiyo darasa zima tulinuka mabibo mpaka mwezi wa kumi na mbili. Mwalimu wetu, Filbert, alikuwa akisema anaweza kuita mahudhurio kwa pua.

Mwaka ule kazi za nyumbani ziliniongezekea kwa sababu mama yangu, Mwanaheri, alikuwa mjamzito. Mimi, Shakila, nilikuwa mtoto wake wa pekee. Baada yangu zilitoka mimba mbili. Ya kwanza siikumbuki. Ya pili ilitoka nikiwa darasa la pili, na hiyo naikumbuka vizuri, maana mama alipika mwezi mzima bila kuimba, na mama yangu akipika lazima aimbe. Kwa hiyo mimba hii nyumba nzima tuliibeba. Baba alimkataza mama kuinua ndoo. Mimi nilikatazwa kumletea habari mbaya, kwa kuwa kwetu wanasema mjamzito akishtuka, mimba inaweza kuharibika. Sheria hiyo niliishika kwa moyo wote.

Jioni moja mama aliushika mkono wangu akauweka tumboni mwake. "Tulia hapo," akasema. Nikatulia. Mara kitu kikanisukuma kiganja kutoka ndani. Niliutoa mkono haraka, kisha nikaurudisha. Nilishaona mbuzi wakizaa na kuku wakiangua, lakini mtu kugonga akiwa ndani ya mtu mwingine, tena ndani ya mama ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenifokea kwa kuacha unga wazi, jambo hilo lilinishinda akili. Usiku nililala nimekifumba kiganja kile, nikiogopa nilichokigusa kisije kikanitoka.

Mwezi wa saba, wakati wa kuvuna mbaazi, nyumba ya jirani iliyokuwa tupu ilipata mtu. Alikuwa mwanamke wa Kiyao kutoka Nachingwea, jina lake Mwamina. Mumewe, Ausi, aliendesha malori Mtwara, na yeye alikuja kuangalia mikorosho aliyoachiwa na babu yake. Siku ya kwanza tu alipita uani kwetu, akamsikia mama akinisemesha Kimwera, akasimama.

"Kumbe ninyi Wamwera," akasema. "Basi nimefika kwa watani zangu."

Akainama, akakiepua chungu chetu cha mbaazi kwa ncha za kanga yake, akaenda nacho kwake.

Mgeni wa mbali angeshangaa. Sisi tulicheka. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukutania msibani, anaweza kuondoka na kuku wako ukimtazama, na ukinuna, wewe ndiye utakayechekwa na kijiji kizima. Mama aliweka mikono kiunoni akasema, "Wayao na vyungu vya watu." Mwamina akajibu bila kugeuka, "Na Wamwera ndio wapishi wetu." Mama alicheka mpaka akajishika ubavu.

Nami nilimpenda Mwamina, sitasema uongo. Alikuwa mrefu, anatembea taratibu, na alisoma gazeti bila kuchezesha midomo. Mama yangu hakuwahi kwenda shule, hivyo alikuwa akimtazama Mwamina akisoma kwa namna ile ile niliyokuwa nikimtazama mimi. Zaidi ya hayo, Mwamina naye alikuwa mjamzito. "Mimi na wewe, mtani," alimwambia mama, "tutajifungua mwezi mmoja, na mwanao nitakuibia kama mbaazi." Tukacheka tena.

Baada ya mwezi mmoja alikuwa kwetu zaidi kuliko kwake. Alikuja kabla hatujaamka na kuondoka tukiwa tunakula chakula cha usiku. Kioo cha mama kilihamia kwake, kisha kitenge kipya, kisha ungo. Alilala mchana kwenye kitanda cha mama. Alisema mama ale nini na asile nini, na majirani waliokuja kumjulia hali aliwapokea yeye mlangoni, akawaambia mtani wake amepumzika. Taratibu wakaacha kuja. Mimi alinitaka nimwite mama mdogo.

Baba yangu, Rashidy, si mtu wa maneno mengi. "Huyu mtani wako," alimwambia mama siku moja, "anahamia rasmi lini?"

"Baba Shakila, utamkasirikia mtani? Watu watatucheka."

Baba akachukua jembe lake akatoka. Mwezi wa tisa ulipoanza alikwenda kukaa kwenye shamba letu la ng'ambo ya bonde kulinda na kuokota korosho, akawa anakuja nyumbani Ijumaa tu.

Mwezi huo huo nilimsindikiza mama kliniki, kwenye zahanati ya kijiji. Bila shaka Mwamina naye alikuja. Yeye hakupimwa. Alisema kliniki yake iko Nachingwea alikoanzia. Nesi wetu aliitwa Magreti, mwanamke wa Kimakonde mwenye sauti nzito ambayo hata wanaume waliiogopa. Alimpima mama uzito, akamlaza kitandani, akachukua kifaa cha mti chenye umbo la pembe, akakiweka tumboni na kutega sikio. Alipomaliza aliniona nimekodoa macho.

"Njoo," akasema. "Weka sikio hapa. Usipumue."

Nilisikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya kasi, kama ya mtu anayetwanga kwa mbali akiwa na haraka. Nesi aliniambia ule ni moyo. Sikujua nicheke au nilie. Mtu ambaye hajaona jua, hana jina, hajala hata kijiko cha uji, alikuwa na moyo unaofanya kazi mchana na usiku bila kuambiwa na mtu. Nilitaka niketi pale mpaka jioni.

Nesi alinisogeza. Akakihamishia kile kifaa upande wa pili wa tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi upande wa kwanza, kisha wa pili tena. Aliandika maneno mengi kwenye kadi ya mama.

"Mama Shakila," akasema, "nataka daktari akuone. Nenda hospitali Nachingwea kabla wiki mbili hazijaisha. Nimeandika kila kitu humu. Na usizalie nyumbani."

"Kuna ubaya, nesi?"

"Hakuna ubaya. Nataka tu tuwe na hakika."

Mama alinyoosha mkono kuipokea kadi, lakini Mwamina aliwahi. "Nipe mimi, mtani. Wewe utaipoteza." Akaisoma akiwa amesimama. Nilimwona akiirudia mara ya pili, kisha akaikunja na kuichomeka kiunoni mwake.

"Wameandika nini?" mama aliuliza tukiwa njiani.

"Mambo yao ya damu na uzito."

"Niisome mimi, mama mdogo," nikasema.

Mwamina akacheka. "Mwandiko wa nesi unawashinda hata walimu, sembuse wewe unayenuka mabibo." Kisha akamgeukia mama. "Na hiyo hospitali usiwe na haraka nayo. Nachingwea naijua mimi. Ukifika na tumbo kubwa hawaulizi, ni kisu tu. Tumia kichwa, mtani."

Mama aliogopa kisu. Wiki mbili zikapita, na ya tatu ikaingia. Kila alipoitaja kadi yake, Mwamina alimwambia iko salama, kwani nyumba yetu ina mchwa. Ni kweli nyumba yetu ilikuwa na mchwa.

Katika wiki hiyo ya tatu mama alinituma kwa Mwamina nikachukue ungo wetu. Nilipiga hodi huku naingia, kama tulivyozoea. Mwamina alikuwa amesimama chumbani, mlango wazi, amenipa mgongo. Akageuka. Hakuwa na tumbo. Alikuwa mwembamba kama mtu yeyote. Juu ya kitanda palikuwa na tumbo lake, kanga tatu zilizoviringishwa na kushonewa pamoja, na kamba za kufungia.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Shakila, mimba yangu ilitoka. Sikuweza kumwambia mtu. Unanielewa?"

"Naam."

"Ukimwambia mama yako atashtuka. Unajua mjamzito akishtuka inakuwaje?"

"Najua."

"Unataka mtoto wa mama yako afe?"

Nilitikisa kichwa. Akanipa pakiti nzima ya biskuti na ungo wetu. Zile biskuti nilizila peke yangu nyuma ya madarasa, na hazikuwa na ladha yoyote.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilikaa nikiwatazama wakilinganisha matumbo yao kizingitini, mama akicheka, Mwamina akicheka. Mara nyingi neno lilinifika kooni. Kisha nilikumbuka ule moyo mdogo uliokuwa ukitwanga kwa haraka, nikaona kwamba nikifungua mdomo nitausimamisha. Nikalimeza neno. Mama aliniuliza kama naumwa, nikasema ni meno.

Mwisho wa mwezi wa kumi ikafika siku ya kupima korosho. Siku hiyo kijiji kinahamia chama cha msingi cha ushirika. Wanaume, wanawake, mbuzi wao, kila mtu anazunguka mizani akiangalia magunia ya mwenzake. Shule nayo ilituruhusu tukawasaidie wazazi kubeba. Baba alipita nyumbani asubuhi na magunia kwenye baiskeli, akaniambia nibaki na mama.

Haukupita muda Mwamina akaingia na chupa ya chai mkononi. Ndani yake hakukuwa na chai, kulikuwa na uji wa rangi ya udongo. "Kunywa, mtani, uji wa nguvu huu," akasema. Mama akanywa kikombe kizima, akikunja uso. Nilipomaliza kuosha vyombo nilimkuta ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, jasho likimtoka.

"Mbona mapema," mama alisema kwa shida. "Nesi alisema bado mwezi."

"Manesi wanajua nini," Mwamina alijibu. Akanivuta pembeni. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Kimbia kwangu. Chini ya mto kuna wembe mpya na uzi. Vilete. Usimwambie mtu njiani, haya ni mambo ya wanawake."

"Nimwite nesi?"

"Nesi yuko kwenye korosho kama watu wote. Kimbia."

Nilikimbia. Wembe ulikuwepo, uzi ulikuwepo, na nilipouinua mto vizuri nikaiona kadi ya mama. Nafikiri katika haraka yake alisahau kwamba aliiweka hapo, au alisahau kwamba mimi najua kusoma. Niliifungua. Mwandiko wa Nesi Magreti ulikuwa mkubwa, safi, wala hauwezi kumshinda mtu wa darasa la pili. Aliandika hivi: "Nimesikia mioyo miwili. Nadhani ni mapacha. Aende hospitali. Asizalie nyumbani."

Mioyo miwili. Mimi nilisikia mmoja tu na ulinitosha kunishangaza mwezi mzima, kumbe upande wa pili kulikuwa na mwingine, unatwanga kwa haraka zake wenyewe, karibu na mwenzake, gizani. Kwa kitambo nilisahau hata nilichofuata. Kisha nikauona mkoba karibu na mlango. Ulikuwa umefungwa tayari kwa safari, na juu yake palikuwa na kofia moja ya mtoto, fulana moja na shali.

Hapo nikaelewa yote. Mama hakujua kwamba ana watoto wawili. Nyumbani hapana mtu mwingine, kijiji chote kiko kwenye mizani, na mkunga ni Mwamina peke yake. Mama angepewa mtoto mmoja, angemshika na kumshukuru Mungu. Wa pili, mama akiambiwa ni kondo la nyuma tu, angetoka mlangoni ndani ya shali. Na nani angeuliza, wakati kila mtu aliona kwa macho yake kwamba Mwamina ana mimba?

Nilisimama njia panda nje ya nyumba ile, wembe mkononi. Kushoto ni nyumbani, kulia ni zahanati. Nikisema, mama atashtuka na watoto watakufa, na nitakuwa nimewaua mimi. Nisiposema, mmoja ataibwa. Sijui nilisimama muda gani. Nilichokumbuka ni kwamba aliyeniambia mtoto atakufa mama akishtuka ndiye aliyesema mwandiko wa nesi hausomeki. Nikakata kulia.

Nesi Magreti alikuwepo, anachemsha vyombo vyake. Nilimweleza yote kwa mara moja, tumbo la kanga, biskuti, kadi, uji, mkoba, huku nalia. Hakunikatiza. Aliniuliza swali moja tu.

"Huo uji alikunywa saa ngapi?"

"Sasa hivi, nesi. Kabla sijaosha vyombo."

Akachukua begi lake, akanipakia nyuma ya baiskeli. Tulipopita chama cha msingi alimwita baba kwa ile sauti yake, watu wote wakageuka. "Rashidy, acha mizani. Tafuta gari, mkeo anakwenda Nachingwea."

Mlango wetu ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nesi akagonga.

"Mama Shakila amelala," Mwamina alijibu. "Rudini baadaye."

Ndani tulimsikia mama akiugulia. Nesi alinitazama. Niliusogelea mlango mpaka pua ikagusa ubao.

"Mama," nikasema, "kadi yako nimeisoma. Una watoto wawili tumboni. Na Mwamina hana mimba, ni kanga."

Nilifumba macho nikingoja lile jambo baya litokee. Nilingoja. Kisha sauti ya mama ikaja, nyembamba, lakini ilikuwa sauti yake.

"Mtani, fungua mlango."

"Mwanaheri, nisikilize, mimi nilitaka tu..."

"Utani umekwisha. Fungua mlango."

Katika miezi yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mwamina neno kama hilo. Komeo likatoka. Mwamina akapita katikati yetu, tumbo lake limekwenda upande, akaketi chini karibu na mafiga na kujifunika uso. Hakuna aliyemshika. Hakujaribu kukimbia.

Gari pekee lililokuwepo ni lori la kubebea korosho, na lilikuwa limeshajazwa nusu. Niliona wanaume wakiyashusha magunia yao wenyewe, yaliyokwisha kupimwa, wakiyatupa chini bila kuuliza. Wakatandika magunia matupu, mama akalazwa juu yake, nesi upande mmoja, baba upande mwingine, mimi miguuni. Wanawake ambao Mwamina aliwazuia mlangoni mwetu walisimama pembeni ya barabara. Mmoja alivua kanga yake ya begani akamfunika mama dhidi ya jua. Dereva aliyapita mashimo taratibu kama mtu aliyebeba mayai, na njia nzima mama hakuachia mkono wangu.

Hospitalini walimwingiza ndani moja kwa moja. Tulikaa kwenye benchi, mimi na baba, mpaka kivuli cha ukuta kikavuka uwanja. Hatimaye daktari akatoka. Mtoto wa kwanza, alisema, alikuwa vizuri, lakini wa pili alikuwa amelala kwa upana na asingeweza kutoka mwenyewe kamwe. Ule uji nao ulikuwa na dawa ya kuanzisha uchungu, ukimsukuma kwa nguvu. Wamempasua mama, na wote watatu ni wazima.

"Angezalia nyumbani?" baba aliuliza.

"Ungezika, mzee," daktari akasema.

Waliniruhusu kuingia jioni. Mama alikuwa amelala, midomo imekauka, na kando yake walikuwa wawili, mvulana na msichana, kila mmoja hazidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nilimtazama msichana. Alikuwa na kucha. Sijui kwa nini kucha zile ndizo zilizoniliza. Wakati sisi tunagombea chungu na ungo, wakati mimi nameza siri yangu nyuma ya madarasa, mtu alikuwa kule gizani anatengeneza kucha kumi ndogo, na hakukosea hata moja. Nilimgusa kidole. Akakishika changu. Yule wa kiume akapiga chafya, nami nikarudi nyuma kwa hofu, nesi akacheka. Baba aliwaita Twaha na Mwanawetu.

Mwamina alipelekwa baraza la kata. Hakukana kitu. Alisema mimba nne zimemtoka, na mumewe alimwandikia kwamba akikosa mtoto mwaka huu atamrudisha kwao, ndipo akamjibu kuwa ana mimba. Mwanzoni alitaka tu kukaa karibu na tumbo la mama. Alipoisoma kadi, wazo likaingia na hakuweza kulitoa. Kuhusu mtoto wa pili kulala kwa upana hakujua. Alipoambiwa, alilia kuliko aliposhitakiwa. Baba alitaka apelekwe polisi, na wengi waliunga mkono. Mama alipoulizwa alisema, "Mbili zimenitoka mimi. Nilibaki na akili kwa sababu nilikuwa na Shakila. Mwacheni mumewe aje amchukue, ampeleke hospitali akatibiwe, lakini asiishi tena jirani na mjamzito." Baraza likaamua hivyo, likamwonya Ausi naye kwa ile barua yake.

Siku aliyoondoka Mwamina, arobaini ya watoto ilikuwa imekwisha. Alikuja mpaka uani kwetu akasimama. Baba aliinuka. Mama akamwambia amwache. Mwamina aliketi kwenye mkeka, na mama akampa Mwanawetu ampakate, ila ncha ya shali mama hakuiachia. Mwamina alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakumbusu. Nilimwona usoni akiwa na mshangao ule ule nilioupata mimi siku niliyousikia moyo. Kisha akamrudisha mwenyewe.

"Nisamehe, mtani."

"Nimekusamehe," mama akasema. "Ila ukija tena, utapiga hodi na kungoja uitikiwe."

Alipokwisha kuondoka, Nesi Magreti, aliyekuja kuwapima watoto uzito, aliniketisha karibu naye. "Nataka nikwambie kitu, Shakila, na uwaambie wenzako shuleni," akasema. "Mtu mzima akikupa siri na kukutisha usimwambie mzazi wako, hiyo usiitunze hata siku moja. Nenda kaseme. Ukiogopa kumwambia mama, mwambie baba, au mwalimu, au mimi. Na mimi pia nilikosea. Niliandika neno mapacha kwenye kadi, nikaogopa kulitamka mbele ya mama yako kabla sijawa na hakika. Ningelitamka, asingeweza kudanganywa."

Baba alikohoa. "Hata mimi niliogopa kuchekwa," akasema, akaenda kutazama korosho ambazo hazikuwa na haja ya kutazamwa.

Mama alikuwa akiwanyonyesha wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa linawezekanaje. Nilimuuliza swali lililonikaa moyoni siku zote zile.

"Mama, kama ningekwambia mapema, siku ile niliyoliona tumbo la kanga, ungeshtuka?"

Mama alimweka Twaha vizuri kifuani.

"Ningeshtuka sana, mwanangu," akasema. "Ningelia. Pengine ningeshinda na kichwa kinaniuma. Halafu ningenyanyuka, nikaenda hospitali."